Saladi Inayodumaa Nyumbani Wakati wa Baridi ya Nairobi: Dalili, Vyanzo na Tiba

Kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Agosti mawingu hutanda juu ya Nairobi kwa siku nyingi mfululizo, na mtu aliyezoea kuchuma majani ya saladi katika ndoo zake za roshani tangu mvua za masika huanza kuona mambo yakimgeukia. Mbegu hazioti, miche inalala, majani yanapauka, na letusi iliyotarajiwa mezani baada ya wiki tano inafikisha wiki nane ikiwa bado haijai kiganja. Ukiwauliza majirani, jibu huwa moja: ni baridi. Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu jibu hilo, kwa sehemu kubwa, halina ukweli, na tiba zinazotokana nalo, yaani kufunika mimea, kuifungia ndani na kuimwagilia zaidi, huua saladi ambayo baridi yenyewe isingeiua.

Tuanze na halijoto. Usiku wa Julai jijini hushuka hadi nyuzi 10 au 12 za Selsiasi, pengine chini ya hapo kwa wanaoishi pande za Kikuyu na Limuru, na mchana hupanda hadi 21 au 22. Letusi huota vizuri zaidi udongo ukiwa na nyuzi 15 hadi 20, na hukua bila taabu hata hewa ikiwa baridi kuliko hapo. Ni joto la Februari linaloitesa, kwa kuwa udongo ukipita nyuzi 27 hivi mbegu zake nyingi hulala na kukataa kuchipua. Roketi, haradali, spinachi, dhania na sukuma wiki inayochumwa ikiwa changa nazo hukua vizuri kwenye ubaridi. Mchicha na kunde ndiyo mimea ya joto, kwa hiyo ikiwa kilichogoma katika ndoo yako ni terere, yaani mchicha, hapo baridi inastahili lawama zote, na ni afadhali kusubiri Septemba.

Kinachobadilika hasa katika msimu huu ni mambo mawili: kiasi cha mwanga na kasi ya maji kukauka. Urefu wa siku haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika, kwa sababu tuko karibu mno na Ikweta na tunapata takriban saa 12 za mchana mwaka mzima, tofauti na London ambako mchana wa Desemba haufiki hata saa 8. Ndiyo maana maelezo yaliyochapishwa kwenye pakiti za mbegu kutoka Ulaya, yanayotaja miezi ya kupanda na kuonya kuhusu siku fupi, hayatusaidii sana hapa. Shida yetu ni wingu. Chini ya wingu zito mmea hupata sehemu ndogo tu ya mwanga wa siku ya jua, na udongo uliokuwa ukikauka kwa siku moja mwezi wa Februari hukaa na unyevu kwa siku tatu au nne. Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini inarudi kwenye mojawapo ya mambo hayo mawili, au kwenye yote kwa pamoja.

Mbegu hazioti

Kabla ya kulaumu udongo, jaribu mbegu zenyewe. Weka mbegu 10 juu ya karatasi laini ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, zifunike kwa sahani, kisha uziache mahali pasipo na baridi kali. Siku ya saba hesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya 5, pakiti hiyo imechoka na hakuna utunzaji utakaoifufua. Unaponunua nyingine katika duka la pembejeo, soma tarehe ya kufungashwa kwanza, kwa maana pakiti iliyokaa dirishani ikipigwa na jua huharibika mapema kuliko tarehe yake inavyodai.

Mbegu zikiwa nzima na bado ndoo ni tupu, sababu ya kwanza ya kuangalia ni kina. Mbegu ya letusi ni nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, haina akiba ya kusukuma udongo mzito, na aina nyingi huhitaji kuona mwanga ili ziamke. Anayeifukia kwa kina cha punje ya maharagwe amekwisha kuizika. Inyunyize juu ya udongo uliolowa, uikandamize kwa kiganja, kisha uitandazie mboji iliyochekechwa kwa unene usiozidi nusu sentimita. Baada ya hapo, uvumilivu unahitajika: mbegu ambazo mwezi wa Machi zilichomoza baada ya siku nne huweza kuchukua siku 8 hadi 12 mwezi wa Julai, na wapo wengi wanaochimbua na kupanda upya siku ya sita, wakiharibu kilichokuwa njiani. Ukiona sisimizi wakipita kwa mstari juu ya beseni, uwezekano ni kwamba wanakuibia mbegu. Simamisha chombo juu ya vikopo vilivyojaa maji na wizi utakoma.

Miche inakatika chini na kulala

Hii ndiyo dalili inayowakatisha watu tamaa kuliko nyingine zote, kwa sababu hutokea usiku mmoja. Jioni miche imesimama, asubuhi kundi zima limelala upande mmoja ikiwa bado ya kijani. Ukiinama na kutazama mche mmoja kwa karibu utaona kwamba shina, mahali linapotoka udongoni, limenyong'onyea na kuwa jembamba kama uzi, lenye rangi ya maji au kahawia. Huo ni ugonjwa uitwao kinyausi, unaoletwa na vimelea vya jamii ya ukungu vinavyoishi udongoni, hasa Pythium na Rhizoctonia, navyo hustawi pale udongo unapokaa umelowa, hewa ikiwa imetulia na miche ikiwa imebanana.

Mche uliokwisha kulala hauamki, na ni vyema kulikubali hilo mapema. Uondoe pamoja na udongo ulioushikilia, upana wa kijiko kikubwa, kisha uache kumwagilia sehemu iliyobaki mpaka uso wa udongo uonekane mkavu. Ondoa plastiki au nailoni yoyote uliyofunika. Najua kwamba kufunika huonekana kuwa ni huruma katika baridi hii, lakini chini ya nailoni ile matone hujikusanya, hayana pa kwenda, na ugonjwa hupata kile hasa unachokihitaji.

Kwa awamu inayofuata, badili mambo manne. Usitumie tena udongo wa ndoo iliyougua bila kuutibu. Uweke katika karai, umwagie maji yanayochemka mpaka yapenye kote, uufunike, na uutumie ukishapoa na kuchuja maji. Panda mbegu zikiwa zimeachana, kiasi kwamba miche ikitoa majani mawili ya kwanza isigusane. Tandaza mchanga safi wa mto, unene wa nusu sentimita, kuzunguka miche, kwa sababu mchanga hukauka upesi na shingo ya mche hubaki kavu hata udongo wa chini ukiwa na unyevu. La nne, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote, mwagilia asubuhi kabla ya saa nne, kamwe si jioni. Maji yanayotiwa saa kumi na mbili jioni mwezi wa Julai huwa bado yapo pale pale saa mbili asubuhi inayofuata.

Mashina marefu, membamba, yanayoinamia upande mmoja

Mche unaorefuka bila kunenepa na kutoa majani madogo yaliyopauka, yakiwa yameachana sana kwenye shina, unatafuta mwanga. Mbolea haitausaidia, bali itauzidishia urefu na udhaifu. Swali ni wapi mwanga upo, na hapa Nairobi jibu lake linawashangaza hata wakulima wazoefu.

Kuanzia katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri jijini kwetu hupita upande wa kaskazini. Kufikia tarehe 21 Juni huwa limeegemea kaskazini kwa nyuzi zipatazo 25 kutoka utosini. Kwa hiyo roshani inayotazama kusini, iliyokuwa ikipata jua zuri mwezi wa Desemba, hukaa kivulini miezi yote ya baridi, na ile inayotazama kaskazini ndiyo yenye bahati. Nilipohamia nyumba ya ghorofa ya tatu huko Kasarani nilipoteza msimu mzima kwa kutolijua hilo: ndoo zangu tano zilikuwa mahali pale pale ziliponipa letusi ya kugawa Krismasi, nami nikabaki nikibadilisha samadi, nikibadilisha mbegu, nikibadilisha maji, kila kitu isipokuwa upande. Mwishoni mwa Julai nilizipandisha hadi paani, penye kamba za nguo, na katika muda wa wiki mbili majani mapya yalitoka mapana na mazito.

Hata hivyo, siku ambazo wingu limefunga kabisa upande si hoja kubwa sana, kwa kuwa mwanga hushuka kutoka anga lote kwa pamoja. Siku hizo kinachohesabika ni ukubwa wa anga ambalo mmea unaliona. Chuchumaa mpaka macho yako yawe sawa na kimo cha majani, kisha tazama juu. Ukiona ukuta wa jirani, dari ya roshani ya juu na kipande cha anga kisichozidi upana wa taulo, kama ilivyo katika maghorofa yaliyosongamana ya mtaa wa Pipeline, mahali hapo hapatakupa letusi yenye kichwa hata ufanye nini. Isogeze ndoo hadi ukingoni kabisa mwa roshani, ama uombe ruhusa ya kutumia paa. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe nyuma ya mimea husaidia kwa kurudisha mwanga. Asiye na njia nyingine anaweza kutumia taa nyeupe za LED, zikiwa zimening'inizwa sentimita 15 hadi 20 juu ya majani na kuwashwa kwa saa 14 hivi kwa siku. Balbu moja ya sebuleni iliyo darini haitoshi.

Mahali hafifu pakiwa ndipo pekee ulipo napo, badili matarajio badala ya kuhangaika. Panda roketi, haradali au letusi ya majani, uikate kwa mkasi ikiwa na kimo cha sentimita 8 au 10, uache kisiki cha sentimita 2 ili ichipue tena. Majani machanga huhitaji mwanga mdogo kuliko kichwa kilichofunga.

Majani ya chini yanageuka manjano

Dalili hii ina vyanzo viwili ambavyo tiba zake zinapingana, na ndiyo sababu kukisia ni hatari. Chanzo cha kwanza ni njaa ya naitrojeni. Cha pili ni mizizi iliyozama majini. Anayedhani ni njaa akaongeza samadi na maji wakati mizizi inaoza, ameumaliza mmea.

Jirani mmoja aliniletea beseni lake mlangoni asubuhi moja, akaniambia, "Mwalimu, hii saladi ninaipa maji kila siku na bado inanyauka kama ina kiu." Majani ya chini yalikuwa ya manjano, ya juu yamelegea, na udongo ulikuwa unang'aa kwa maji. Tuling'oa mmea mmoja, tukauosha. Mizizi ilikuwa ya kahawia, na nilipoushika mzizi mmoja kati ya vidole na kuuvuta, ngozi yake ya nje ilivuka kama ganda, ikaacha uzi mweupe wa ndani peke yake. Mzizi wenye afya ni mweupe, unakatika kwa kishindo kidogo, na unanuka udongo. Mzizi wa namna ile umekufa, na mmea unakufa kwa kiu huku umesimama majini. Beseni lilikuwa na matundu ya kutosha, ila lilikuwa limelazwa moja kwa moja juu ya vigae, na vigae vikayaziba yote. Tuliliinua kwa vipande vinne vya tofali. Maji ya rangi ya chai yalitiririka kwa muda wa dakika nyingi. Mimea minne kati ya tisa ilipona.

Basi pima kabla ya kuamua. Ingiza kidole hadi pingili ya pili; kikitoka na tope, usimwagilie. Inyanyue ndoo siku uliyoimwagilia ili uujue uzito wake, kisha inyanyue tena kila asubuhi, umwagilie tu inapokuwa nyepesi waziwazi. Udongo mweusi wa pande za Embakasi na Syokimau, unaopasuka kiangazi na kunata masika, usiutumie peke yake katika chombo. Changanya udongo mwekundu sehemu mbili, mboji au samadi iliyoiva sehemu moja na mchanga wa mto sehemu moja.

Mizizi ikiwa myeupe na udongo ukiwa na unyevu wa wastani, huku manjano yakianza kwenye majani makongwe na mmea mzima ukiwa umepauka, hapo ni njaa kweli. Samadi ipo, lakini vijidudu vya udongoni vinavyoigeuza kuwa chakula cha mmea hufanya kazi polepole udongo ukiwa baridi. Kinachosaidia upesi ni naitrojeni iliyo tayari: mbolea ya dukani iitwayo CAN, kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana katika lita 10 za maji, imiminwe kwenye udongo mara moja kwa wiki bila kugusa majani. Maji ya samadi mbichi nayakataa kabisa kwa mboga inayoliwa bila kupikwa, hata kama yanaleta rangi ya kijani ya kupendeza. Samadi ichanganywe na udongo ikiwa imeiva, na ikiwa haikuiva, ipite miezi minne kabla ya kuchuma. Wengi wetu tulianza kupanda nyumbani kwa kuogopa mboga zinazomwagiliwa maji machafu kandokando ya mito ya jiji, na haitakuwa busara kuileta hatari ile ile roshani kwetu kwa mikono yetu.

Majani yakichukua rangi ya zambarau kwa chini, nayo huashiria kwamba mizizi haifyonzi fosforasi vizuri kwa sababu ya baridi. Mara nyingi hupona yenyewe jua linaporudi. Hakikisha kwanza, hata hivyo, kwamba hukupanda letusi nyekundu.

Kingo za majani zimekauka na kuwa za kahawia

Tazama ni majani yapi. Yakiwa makongwe, ya nje, na juu ya udongo au ukingoni mwa ndoo kuna utando mweupe mfano wa unga, chanzo ni chumvi. Maji ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini na hayana tatizo hili, lakini siku za mgao wengi hutumia maji ya visima virefu, ambayo jijini aghalabu huwa na sodiamu na floraidi nyingi. Ndiyo tunayoyaita maji ya chumvi. Katika miezi hii hakuna mvua kubwa ya kuusafisha udongo, manyunyu peke yake hayatoshi. Mimina maji laini, yaliyo mara mbili ya ujazo wa ndoo, polepole, yapenye na kutoka chini. Ni vizuri pia kukinga mvua za Aprili na Mei katika mapipa yenye mifuniko kwa ajili ya kazi hiyo.

Yakiwa ni majani machanga ya katikati yanayoungua ncha, wakati ya nje ni mazima, mmea umekosa kalisiamu mahali inapohitajika. Kalisiamu husafiri na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo hupanda jani linapotoa mvuke. Hewa ikiwa imetulia na yenye unyevu, kama ndani ya roshani iliyofungwa vioo, safari hiyo husimama. Fungua dirisha mchana, punguza mbolea, na umwagilie kwa vipimo vinavyolingana.

Madoa ya manjano juu, ungaunga mweupe chini

Pindua jani. Madoa yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa ya jani, yakiwa na vinyoya vyeupe upande wa chini, ni ubwiri vinyoya, ambao kwa letusi huletwa na kimelea kiitwacho Bremia lactucae. Kimelea hicho hupenda hewa ya baridi na jani lililolowa kwa saa kadhaa, jambo ambalo Julai ya Nairobi huligawa bila kubania. Chuma majani yote yenye madoa asubuhi moja, uyatie katika mfuko na kuyatupa, usiyaweke kwenye mboji. Achanisha mimea kwa sentimita 20, na kuanzia siku hiyo maji yamiminwe chini ya majani. Sishauri dawa ya kupulizia kwa mmea utakaochumwa wiki ijayo. Ukungu wa kijivu unaoota kwenye majani yaliyokufa karibu na udongo hutibiwa kwa njia hiyo hiyo, kwa kuyaondoa majani hayo kabla hayajawa ngazi ya kupandia.

Matundu, utelezi na majani yanayonata

Matundu makubwa yenye njia inayong'aa ni kazi ya konokono, wenye gamba na wasio nalo. Toka uwaokote kwa tochi saa mbili za usiku, siku tatu mfululizo, na uangalie chini ya ndoo, ndipo wanapolala mchana. Majani yanayonata na kujikunja yana vidukari; waoshe kwa maji yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, kisha suuza baada ya muda. Majani yaliyoraruliwa mchana kutoka juu huliwa na kuzumburu, ndege wa kijivu wenye mikia mirefu, nao huzuiwa kwa wavu peke yake.

Majani machungu

Katika baridi uchungu hutokea mara chache, na ukitokea huwa unatokana na mmea uliokaa muda mrefu mno katika chombo kidogo. Vunja jani: utomvu mweupe ukitoka mwingi, na katikati ya mmea kumeanza kuinuka bua, mmea huo unakwenda kutoa maua na utamu wake haurudi. Ung'oe, upande mwingine katika chombo chenye kina cha sentimita 20 au zaidi. Ikiwa bua halijaanza, chuma alfajiri badala ya alasiri, uloweke majani katika maji baridi safi kwa nusu saa, na sehemu kubwa ya ukali itapungua.